Mdomo wa Kiwanda

Obura alitia kipande cha chingamu kinywani, na kiwanda kizima kikamngoja.

Ndiyo iliyokuwa desturi ya kiwanda kile kidogo katika eneo la viwanda la Nakuru tangu enzi za marehemu mzee Darweshi, mwanzilishi wake. Donge lilipotoka kwenye mashine ya kukandia, likiwa na joto kama la mwili wa mtu, lilikatwa kipande pembeni, na kipande hicho kilitafunwa na mtu mmoja tu. Mzee Darweshi aliwahi kuwaruhusu watano waonje. Wakabishana mpaka donge likapoa na kuwa gumu kama kwato, likatupwa. Siku hiyo akatoa amri: kiwanda kimoja, mdomo mmoja. Sasa mwanawe Salmin ndiye aliyekuwa bosi, na amri haikubadilika. Obura akiinua kidole gumba, rola ziliwashwa. Asipoinua, hakuna kilichosogea. Wenzake walimwita Mdomo, na jina hilo lilimpa heshima ambayo cheo hakikumpa.

Asubuhi hiyo donge lilikuwa la aina mpya: chingamu ya pasheni, kali mwanzoni, tamu baadaye. Mchana angefika Jackie, mnunuzi wa maduka makubwa kutoka Nairobi, kuionja. Salmin alikuwa amevaa koti.

Obura alitafuna. Hakuonja kitu.

Hilo lenyewe halikumshtua. Hakuwa ameonja kitu tangu homa ya Julai, iliyomwondokea baada ya wiki moja ikaenda na pua yake na ulimi wake. Daktari alimwambia kwamba huenda vitarudi, na huenda visirudi. Nyumbani alikuwa akisifu kila chakula kwa maneno yale yale. Kazini hakumwambia mtu. Nani angemweka mdomo usioonja?

Alikuwa ameokolewa na mnanaa. Chingamu nyingi za kiwanda zilikuwa za mnanaa, na ule ubaridi wake si ladha. Hupokewa na neva nyingine, ile ya mguso wa uso, na neva hiyo ya Obura ilikuwa nzima. Mdalasini nao ulimchoma vilevile kama zamani. Kwa hizo mbili alikuwa akiinua kidole bila kudanganya sana. Pasheni ilipoletwa kwa majaribio, alitafuta njia nyingine akaipata: asidi ya ndimu ilipogusa ulimi, mate yalimjaa nyuma ya taya, chini ya masikio, yakamtekenya. Ukali wenyewe hakuusikia, lakini mate aliyasikia.

Leo mate hayakuja.

Tena kulikuwa na jambo la pili. Chingamu ilikuwa nyepesi chini ya meno, ikidunda kidogo kama mkate laini. Taya la Obura lilifundishwa kazi hiyo kabla hajajua kusoma. Mama yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano ya Njoro, na watoto wa vibarua walikuwa wakitafuna ngano mbichi ya kujaa kiganja, wakimeza wanga kidogo kidogo mpaka ibaki ile nta ya kijivu inayovutika. Hiyo ndiyo ilikuwa chingamu yao. Ukiwa na haraka, ngano hubaki na unga ndani, nayo hukubali jino upesi mno. Donge la leo lilikubali jino upesi mno.

Lakini taya si ulimi.

"Mdomo, vipi?" akaita Sitati kutoka mlango wa stoo. Sitati ndiye aliyepima malighafi, mtu wa utani asubuhi mpaka jioni. "Unatafuna ama unaomba?"

Watu wakacheka. Wachuka hakucheka. Alikuwa mkaguzi wa ubora, msichana wa Subukia aliyesomea sayansi ya vyakula, asiyeamini kitu mpaka akipime.

"Mzee Obura, kuna shida?"

Angejibu kwamba ipo, swali la pili lingefuata: shida gani? Asidi ni kidogo ama imezidi? Kuna uchungu? Na yeye hakuwa na jibu hata moja. Alimtazama Salmin, akaitazama saa ya ukutani nyuma ya Salmin.

Akainua kidole.

Rola zikaanza kuzunguka. Donge likaingia upande mmoja likiwa nene kama mto wa kulalia, likatoka upande wa pili kama shuka ya manjano, likanyunyiziwa unga wa sukari lisishike, likachorwa mistari ya kukatia, likapangwa kwenye trei. Trei zikapelekwa chumba cha baridi kupumzika, maana chingamu isipopumzika hung'ang'ania mashine ya kufungia. Yote hayo Obura alikuwa ameyaona maelfu ya mara. Leo aliyatazama kama mtu anayetazama gari lake likiteremka mlima bila dereva.

Alitema kipande chake kwenye karatasi. Kwa kawaida alikitupa. Safari hii alikikunja akakitia mfukoni, bila kujua kwa nini.

Wachuka alipima unene wa shuka kwenye trei za kwanza kwa kalipa, kifaa chake cha kupimia. Zilikuwa sawa. Alipopima trei za katikati, zilikuwa nene kuliko kipimo. Akamwita Kiprugut, fundi wa rola.

"Kaza kidogo."

"Nimekaza jana, madam."

"Kaza tena."

Kiprugut akakaza, akinung'unika kwamba mashine haina ugonjwa. Trei zilizofuata zikatoka vizuri. Wachuka akageuka kuondoka, halafu, kwa tabia yake ya kutoamini, akarudi kupima zile trei za kwanza. Akasimama na kalipa mkononi.

"Hizi zilikuwa sawa," akasema. "Saa hizi zimenenepa."

"Si ni baridi?" akauliza Kiprugut.

"Baridi inapunguza, Kiprugut. Hainenepeshi."

Obura aliyasikia hayo akiwa anafagia mahali ambapo tayari palikuwa safi. Akaenda stoo.

Ndani ya stoo kulikuwa na magunia ya besi. Ndivyo walivyouita ule mpira wa kutafuna unaobaki kinywani sukari ikiisha. Uliletwa kutoka ng'ambo ukiwa punje nyeupe, kama maharage madogo. Besi zilikuwa mbili. Besi ya mnanaa ilichanganywa na unga wa chokaa ili iwe na mwili. Besi ya matunda makali ilichanganywa na unga wa talki, ule unaotengenezewa poda ya watoto. Kwa macho hazikuwa na tofauti. Tofauti ilikuwa kwenye magunia: la talki lilikuwa la karatasi, na lina mstari mwekundu, la chokaa halina mstari, tena lina plastiki nzito ndani. Kila mtu kiwandani alijua kanuni hiyo: mnanaa bila mstari, pasheni mstari mwekundu.

Gunia lililotumika asubuhi lilikuwa bado limesimama kando ya mizani, limebaki nusu. Obura aliliinamia. Mstari mwekundu ulikuwepo, mzima, haujafutika.

Basi kosa lilikuwa lake. Kanuni ilifuatwa. Donge lilikuwa zuri, na kilichoharibika ni kinywa chake, ambacho sasa kilianza kumdanganya hata kwa mate. Wazo hilo lingemtuliza. Halikumtuliza.

"Unatafuta nini, Mdomo?" Sitati aliuliza, akiwa amekalia ndoo na chapati mkononi.

"Hakuna. Sitati, hebu tafuna hii ya leo kidogo. Uniambie."

"Mimi?" Sitati akaangua kicheko. "Kiwanda moja, mdomo moja. Nikionekana natafuna, boss atasema naiba. Kwani wewe umechoka kuonja?"

"Nakuuliza tu."

"Wacha wasiwasi, mzee. Ukisema ni tamu, ni tamu. Hata ukisema ni nyama choma, sisi tutafunga tu tuandike nyama choma." Akamega chapati. "Mimi akili yangu iko Kabazi. Wiki hii navuna. Na nimejipatia gunia moja noma sana, ile iko na plastiki ndani. Fukusi ataingilia wapi?"

Obura hakumsikiliza. Magunia matupu yalikuwa yakigawiwa kwa zamu msimu wa mahindi, na mazungumzo ya magunia yalikuwa kama mazungumzo ya mvua. Alitoka akaenda chumba cha baridi.

Humo alipata alichokuwa akikiogopa. Shuka za manjano kwenye trei za kwanza zilikuwa zimeota vipele. Si vingi, vidogo kama vya joto kwenye shingo ya mtoto. Alikibonyeza kimoja kwa ukucha, kikabonyea, kikabaki hivyo. Akatoa kile kipande mfukoni, akakivunja. Ndani kilikuwa na vitundu, kama sponji.

Sasa alikuwa na ushahidi wa macho, na ushahidi huo haukumwachia pa kujificha. Akimwita Wachuka aone, Wachuka angeuliza jambo moja la haki kabisa: hii imewezaje kupita mdomoni mwako? Na akinyamaza, Wachuka angeona mwenyewe, na angeuliza jambo lile lile, ila mbele ya watu wengi zaidi. Alikuwa na miaka hamsini na tatu. Hakuna kiwanda kingine Nakuru ambacho kingemwajiri kwa mdomo wake, na hakika si kwa mdomo huo.

Labda Jackie atachelewa. Labda barabara ya kutoka Nairobi imefungwa pale Gilgil. Alijikuta akimwombea mwanamke asiyemjua aharibikiwe na gari.

Jackie aliwahi.

Aliingia akiwa na kofia nyeupe ya nywele na viatu vya raba, mwanamke wa maneno machache aliyetazama sakafu kabla ya kutazama mashine. Salmin alitembea kando yake akimweleza, na maelezo yake Obura aliyajua kwa moyo.

"Nyanya yangu alikuwa akiuza ubani hapa Bondeni," Salmin alisema. "Ule wa kutafuna. Watu wetu wa pwani hawakuja na mashine, walikuja na ubani. Kumbe huko Mexico nako watu walikuwa wakichanja mti wao, wanachemsha maziwa yake, wanatafuna. Wamarekani wakayachukua maziwa hayo wakayatia sukari, wakajenga viwanda. Miti ikashindwa kuwatosha. Baada ya vita vikuu vya pili wakahamia mpira wa maabara, ndio huu tunaotumia sote."

"Kwa hivyo hakuna mti hapa?" Jackie akauliza.

"Hakuna mti. Kuna mdomo." Salmin akatabasamu, akamwonyesha Obura kwa mkono wazi. "Huyu ndiye Mzee Obura. Alimwonjea baba yangu, sasa ananionjea mimi. Wachuka, lete trei."

Wachuka alisita. "Boss, kuna kitu napima. Unene unanisumbua."

"Unene tutarekebisha. Madam amekuja kuonja, hakuja kupima."

Trei ikaletwa. Wachuka aliiweka mezani akaikodolea macho, na Obura aliona kwamba ameviona vile vipele. Salmin hakuviona. Alikuwa akimtazama mgeni.

"Mzee Obura," akasema, "mwambie madam mwenyewe. Ikoje?"

Maneno yalikuwa tayari. Obura aliwasikia Wachuka na Salmin wakiyasema ofisini siku ya majaribio, akayahifadhi kama mtu anavyohifadhi nambari ya simu: inakuja kali mbele ya ulimi, kama pasheni iliyopasuliwa sasa hivi, halafu utamu unapanda polepole. Sentensi moja tu. Aisemaye, huyo ndiye Mdomo. Jackie alikwisha kunyoosha vidole kuchukua kipande.

"Usimpe," Obura akasema.

Salmin aligeuka. "Nini?"

"Usimpe, boss. Imeharibika. Ina hewa ndani." Akakiweka mezani kile kipande alichokivunja, vitundu vikiangalia juu.

"Saa nne umeinua kidole."

"Niliinua."

"Sasa umeonja nini ambacho saa nne hukuonja?"

Rola zilikuwa zimezimwa kwa ajili ya mgeni. Sitati alikuwa mlangoni mwa stoo. Kiprugut alikuwa na spana mkononi.

"Sijaonja chochote, boss. Sionji. Tangu ile homa ya Julai."

Obura alitamani mtu acheke.

"Tangu Julai," Salmin akarudia polepole. "Na kidole ulikuwa ukikiinua kwa nini?"

"Mnanaa nausikia baridi. Hii nilikuwa naangalia mate. Leo mate hayakuja, na nilinyamaza."

Jackie alirudisha kipande kwenye trei kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kikombe cha watu. Wachuka hakungoja Salmin amalize kukasirika. Alikwenda stoo, akarudi na punje chache za besi katika kisahani na chupa ya asidi ya ndimu iliyoyeyushwa. Akadondosha matone. Punje zikafanya povu, zikitoa sauti ndogo, kama soda iliyofunguliwa chumba cha pili.

"Chokaa," akasema. "Asidi imeila chokaa, ikatoa hewa. Ndiyo sababu imevimba, na ndiyo sababu ukali umeisha. Zingefika dukani zikiwa puto."

"Gunia lilikuwa na mstari?" Salmin akauliza.

"Lina mstari. Punje hizi nimezitoa humo sasa hivi. Ni gunia la talki, lakini ndani ni chokaa."

Wote wakageuka mlangoni. Sitati alikuwa ameinamisha kichwa.

"Mimi nilimwaga huko, boss. Jana. Ile gunia ya plastiki ilikuwa bado na besi, na ni zamu yangu. Nikaona hii ya karatasi iko tupu. Sikuangalia mstari." Akameza mate. "Ni ya mahindi."

"Ya mahindi," Salmin akasema.

"Kabazi fukusi ni wengi sana, boss."

Jackie alikohoa. Yawezekana ni kicheko alichokigeuza njiani. Akamwambia Salmin kwamba anakwenda Kisumu, na atapitia Nakuru tena Alhamisi akirudi. "Alhamisi nitaonja. Ila," akasema akiisogeza trei, "nataka nionje na mtu anayeonja."

Alipoondoka, Salmin alimwita Obura ofisini na kufunga mlango. Hakupaza sauti. Alimwambia mambo mawili, na yote mawili yalikuwa kweli. La kwanza, kwamba kama angesema asubuhi, wangetupa donge la kwanza tu, na si shuka zote za asubuhi nzima ambazo sasa zitakwenda jaani. La pili, kwamba kama asingesema mchana, wangempoteza mnunuzi.

"Baba angekufukuza," Salmin akasema. "Halafu angekwenda nyumbani asilale. Mimi nataka kulala. Kuanzia kesho wewe si mdomo. Utakaa stoo. Kila gunia likifunguliwa, utalidondoshea asidi mbele ya Sitati. Likitoa povu, haliendi kwa pasheni. Hiyo haihitaji ulimi."

"Na mdomo, boss?"

"Ni lazima uwe mmoja?"

Jioni hiyo alimweleza mkewe, mwishowe. Mkewe aliendelea kuchambua mchele.

"Jumapili nilisahau chumvi kwenye samaki," akasema. "Ukasema ni tamu kuliko ya Krismasi. Nikajua. Nilikuwa nangoja uniambie."

Alhamisi donge la pasheni lilitoka tena kwenye mashine, la njano, likifuka mvuke. Obura alikuwa amelipima gunia lake mwenyewe asubuhi, la mstari mwekundu, matone yakakaa juu ya punje kama umande, bila povu hata kidogo. Alirudia mara mbili.

Watu watatu walikatiwa vipande: Wachuka, Kiprugut na Jackie mwenyewe. Salmin alisema kila mmoja atatoa hukumu yake kwa zamu, bila kubishana, na wa kwanza ni Wachuka.

Wachuka alitafuna. Uso wake ulikuwa mkavu. Akakunja kipaji cha uso kidogo, akaacha kutafuna, akaanza tena.

Obura aliusoma uso ule kama mtu anayesoma matokeo ya maabara yaliyoandikwa kwa lugha ya kigeni. Akatambua kwamba miaka yote ile watu waliposimama kumtazama akitafuna, hili ndilo walilokuwa wakilipitia, na yeye aliwafanya wangoje makusudi baadhi ya siku, kwa mbwembwe tu.

"Wachuka?" Salmin akauliza.

Wachuka aliinua mkono kumzuia. Alikuwa na mate mengi mdomoni, hawezi kusema. Akayameza, akapangusa midomo kwa mgongo wa kiganja.

"Kali," akasema.

Kiprugut akatikisa kichwa kukubali, jicho moja limefumbwa kwa ukali. Jackie bado alikuwa akitafuna, polepole, akitazama sakafu. Wote wakageuka kumngoja, na Obura akangoja pamoja nao.